Kifutu Hakimbii: Kambi ya Familia na Nyoka Wenye Sumu Magharibi mwa Nairobi

Nyoka mwenye sumu wa kufikiriwa kwanza, kabla hema halijapigwa popote kati ya Lang'ata, Karen na vilima vya Ngong, ni kifutu. Wengine humwita bafe, wengine moma au piri. Ni mnene kuliko urefu wake unavyostahili, mara nyingi mita moja au pungufu, mwenye kichwa kipana cha pembetatu na mkia mfupi. Mgongoni ana michoro ya kahawia, manjano na nyeusi iliyopangwa kama herufi V zinazofuatana hadi mkiani. Akiwa juu ya sakafu ya saruji, hata mtoto atamwona kutoka mbali. Akiwa juu ya majani makavu chini ya ua, mtu mzima mwenye macho mazuri anaweza kumtazama mara tatu asimwone.

Kifutu huwinda kwa kuvizia. Hamfukuzi panya, hujilaza kando ya njia ya panya akangoja, siku moja, siku tano, pengine wiki nzima mahali pale pale. Kinga yake kubwa ni kutoonekana, na akijongea anaivunja kinga hiyo mwenyewe. Hapo ndipo unapopwaya ule ushauri unaorithiwa na kila kizazi cha wapiga kambi, kwamba mtu akitembea kwa kishindo nyoka wote watakimbia. Koboko atakimbia. Fira naye atakimbia akipewa nafasi. Kifutu atausikia mtetemo wa hatua kupitia taya lililogusa ardhi, atajua kiumbe kikubwa kinakuja, na atabaki alipo. Wengi wanaoumwa naye wamemkanyaga au wamepitisha mguu karibu naye bila kujua yupo.

Hata pua ya mbwa haisaidii sana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na mbwa waliofunzwa kunusa. Mbwa hao waliwatambua nyoka wa aina nyingine, lakini kifutu aliye hai na aliyetulia aliwapita, kana kwamba hana harufu. Familia inayokwenda kambini na mbwa ikidhani imepata mlinzi inajidanganya, na mara nyingi anayeumwa kwanza ni mbwa huyo huyo, puani au mguuni.

Uzazi wake nao ni wa kutisha. Kifutu hatagi mayai. Huzaa watoto hai, kwa kawaida ishirini hadi arobaini kwa mara moja. Rekodi inayojulikana ni ya jike kutoka Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama nchini Chekoslovakia, aliyezaa watoto 156. Kila kitoto, hata kikiwa na urefu wa kalamu tu, huzaliwa kikiwa na meno ya sumu yanayofanya kazi. Kwa hiyo katika majuma ya mvua, nyoka mdogo aliyejikunja karibu na bomba la maji asichukuliwe kuwa salama kwa sababu ya udogo wake.

Wengine wanaoweza kukutwa

Swila ni fira anayetema sumu. Akitishwa huinua kichwa, hutanua shingo na kulenga macho, na sumu yake hufika mita mbili na zaidi. Hutembea usiku, hupenda vichuguu na matundu ya panya, na ana tabia moja inayohusu sana wapiga kambi: nyoka wa kundi hili huingia mahali watu wamelala chini wakifuata panya au mijusi, na huweza kumuuma mtu usingizini bila kuchokozwa, aliyelala akijigeuza tu.

Mitini yuko nyoka mwembamba mwenye macho makubwa, anayejulikana duniani kote kwa jina la Kiafrikaans, boomslang, yaani nyoka wa mti. Meno yake ya sumu yako nyuma kidogo ya kinywa, na sumu yake huharibu uwezo wa damu kuganda. Ni mpole mno. Karibu wote wanaoumwa naye ni watu waliomshika. Koboko, ambaye umaarufu wake unazidi hatari yake katika mitaa hii, ni nyoka wa nyanda kavu zenye migunga na miamba, na huanza kuwa jambo la maana pale safari inaposhuka kutoka Ngong kuelekea Magadi. Yuko pia jamaa mdogo wa kifutu, wa rangi ya kijivu na madoa, anayekula vyura na kukaa karibu na maji. Sumu yake huleta maumivu na uvimbe, na mara chache sana huhatarisha maisha.

Ama nyoka wa kijani anayeonekana mara kwa mara kwenye vidimbwi na vijito vya Nairobi, akaitwa kwa hofu mamba wa kijani, huyo karibu kila mara ni nyoka asiye na sumu anayewinda vyura. Mamba wa kijani hasa makao yake makuu nchini Kenya ni pwani, na mitaa hii si yake. Hata hivyo boomslang dume naye huweza kuwa wa kijani, kwa hiyo rangi isiwe ruhusa ya kumshika. Familia yenye watoto ingefanya vyema kupitia Bustani ya Nyoka iliyo kwenye Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, iliyofunguliwa mwaka 1961, kabla ya kwenda kambini. Mtoto aliyemtazama kifutu kwa dakika kumi nyuma ya kioo, akahangaika kumtafuta kati ya majani ingawa ameambiwa yumo, hahitaji tena hotuba ndefu kuhusu kuvaa viatu.

Hali ya hewa na majira

Nairobi iko juu. Karen na Ngong zimepita mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11 za Selsiasi. Nyoka hupata joto lake kutoka nje ya mwili, na usiku wa namna hiyo humfanya mzito au humweka shimoni. Asubuhi yake, jua linapotoka, hutafuta mahali pa kuota: jiwe, njia ya kokoto, ukingo wa nyasi zilizofyekwa, bati lililoachwa chini. Kwa hiyo katika miezi ya baridi saa za kuangalia zaidi ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, wakati ambao wazazi wengi hudhani hatari imeondoka pamoja na giza. Katika miezi ya joto, hasa kuanzia mwisho wa mvua za vuli hadi Machi, mambo hugeuka: mchana nyoka hujificha kivulini, na jua likizama huanza kutembea. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hujaza mashimo maji na kuwatoa waliomo, panya na nyoka pamoja.

Kuchagua mahali pa hema

Katika viunga hivi hema hupigwa mahali pa aina tatu. Kwanza ni kwenye kambi rasmi, kama ile ya Skauti ya Rowallan kando ya Msitu wa Ngong, au viwanja vya kulipia vya Lang'ata na Karen vinavyopokea wasafiri wa magari. Pili ni pembeni mwa misitu na hifadhi: Oloolua, Msitu wa Ngong, Hifadhi ya Taifa ya Nairobi yenye kilomita za mraba 117, ambayo upande wake wa kusini hauna uzio. Tatu, na hapa ndipo wengi hulegea, ni kwenye uwanja wa nyumba ya jamaa huko Karen, watoto wa familia mbili tatu wakiwekewa hema moja juu ya nyasi wakati wa likizo ya Agosti au Desemba.

Uwanja wa nyumbani unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu una kila kitu anachotaka kifutu. Nyumba nyingi za zamani za Karen na Lang'ata zimezungushiwa ua wa kayaba, ule mti wa miiba wenye matunda ya manjano. Ua huo hukatwa juu na pembeni kila mwaka, lakini chini yake hakuna mkono unaofika. Majani huanguka humo miaka na miaka, yakatengeneza zulia kavu, lenye joto, lisilofikiwa na mbwa wala fyekeo. Panya hujenga humo. Kifutu hufuata panya. Hema likipigwa mita mbili kutoka kwenye ua huo kwa sababu hapo pana kivuli kizuri, limepigwa mlangoni kwa kifutu. Mita kumi ni umbali wa busara, na nafasi yote ya katikati iwe nyasi fupi zisizozidi kimo cha kifundo cha mguu. Nyasi za Kikuyu, zinazopendwa kwa ulaini wake, zikiachwa wiki sita za mvua huwa godoro nene ambalo nyoka anaweza kupita chini yake asionekane kabisa. Zifyekwe siku mbili tatu kabla ya wageni kufika, wala si asubuhi ile ile, ili waliokuwa wamejificha wapate muda wa kuondoka. Anayefyeka avae buti, na majani yaliyokatwa yaondolewe; lundo la nyasi zilizokatwa hupata joto ndani yake na kuwa kitanda kingine.

Udongo nao una habari zake. Upande wa Karen na Dagoretti udongo ni mwekundu na laini, na fuko huuchimba kila mahali, wakiacha malundo madogo ya udongo mbichi juu ya nyasi. Mashimo yao yakiachwa wazi huwa makao ya wengine. Upande wa chini wa Lang'ata, kuelekea mbugani, udongo ni ule mweusi mzito unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyufa zake huingia ndani kiasi cha kumezea mkono mzima. Hema lisipigwe juu ya nyufa wala karibu na mashimo. Kuziba tundu moja moja kwa jiwe hakuna maana kubwa, kwa kuwa tundu lina mlango mwingine. Kuhamisha hema hatua ishirini ni kazi ya dakika tano.

Mengine yanajieleza: kichuguu, rundo la mawe ya ujenzi, mabati ya zamani, gogo lililolala, shimo la mbolea, banda la kuku, kidimbwi cha samaki. Kila kimoja ni nyumba, au ni jiko. Kidimbwi huleta vyura, na banda la kuku huleta panya kwa sababu ya chakula kinachomwagika.

Chakula, panya na taa

Nyoka haji kambini kwa ajili ya watu, wala harufu ya nyama choma haimvuti. Anayemvuta ni panya, na panya huvutwa na nafaka. Punje za githeri zilizoangushwa karibu na jiko, ukoko wa ugali uliotupwa kichakani kwa nia njema ya kulisha ndege, mfuko wa chakula cha mbwa uliotobolewa: usiku wa kwanza panya watakuja, usiku wa pili watarudi kwa njia ile ile, na njia iliyozoeleka ndiyo kifutu anayoingojea. Kambi ya usiku mmoja husamehewa mengi. Kambi ya wiki nzima huanza kujenga mnyororo huo tangu jioni ya kwanza, na ndiyo maana jiko liwe mbali na mahema, vyakula vikae ndani ya ndoo zenye vifuniko au garini, na mabaki yatiwe kwenye mfuko uliofungwa na kuondolewa kila siku.

Taa huleta mnyororo wa pili, ambao wachache huufikiria. Taa kali iliyoning'inizwa mlangoni mwa hema usiku kucha hukusanya wadudu. Wadudu huleta vyura na mijusi. Vyura na mijusi huleta wanaowala. Taa ya pamoja itundikwe mahali pa kukaa, mbali na mahema, na izimwe watu wanapolala. Anayeamka usiku atumie tochi yake.

Kuni zinahitaji mkono wenye adabu. Rundo likae mbali na hema, juu ya mawe au vipande viwili vya mbao ili chini yake paonekane. Asiyekuwa na uzoefu huinama, huingiza vidole chini ya kipande na kukinyanyua kuelekea mbele, akijifunulia mwenyewe kilichokuwa chini yake. Anayejua hutumia fimbo yenye ndoana au ncha ya panga, husimama upande mmoja, na hukivuta kipande kuelekea kwake, ili kipande chenyewe kibaki ngao kati ya miguu yake na kilichojificha. Watoto wasitumwe kuokota kuni jua likishatua.

Miguu usiku

Hatari kubwa ya kambi nzima imo katika safari ya hatua thelathini kutoka hemani kwenda chooni, saa nane usiku, mtoto akiwa na ndala au miguu mitupu, tochi imesahauliwa kwa kuwa mwezi unaangaza. Mwezi hautoshi. Kifutu chini ya mbalamwezi ni kivuli kati ya vivuli.

Njia ya chooni isafishwe mchana mpaka udongo uonekane, upana wa watu wawili, na isipite kando ya ua wala chini ya matawi yaliyoinama. Anayekwenda avae viatu vilivyofunika mguu mpaka juu ya kifundo; gambuti za mpira, zinazouzwa Gikomba na kila duka la vifaa vya shamba, ni kinga nzuri na nafuu, na suruali ndefu isiyobana huongeza kitu. Tochi imulike hatua mbili mbele ya mguu. Wengi humulika mlango wa choo, mahali wanapokwenda, huku mguu ukikanyaga gizani. Kwa watoto wadogo jibu bora ni ndoo yenye kifuniko ndani ya hema, na wala si aibu.

Viatu vilivyoachwa nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, ingawa mara nyingi kitakachotoka ni nge au buibui. Bora zaidi viingie ndani ya hema, ndani ya mfuko.

Hema lenyewe

Hema linalofaa eneo la nyoka ni lile ambalo sakafu yake imeshonwa pamoja na kuta, na mlango wake hufungwa kwa zipu mpaka chini kabisa. Hema la aina ya zamani lenye sakafu ya turubai iliyotandikwa tu huacha mwanya pande zote. Zipu ifungwe kila mara, hata mtu akitoka kwa dakika moja, hata mchana. Nyoka aliyeingia saa tisa alasiri kutafuta kivuli ndiye atakayekutwa saa mbili usiku chini ya blanketi. Kazi ya kufunga zipu wapewe watoto kama wadhifa wao, nao wataifanya kwa bidii kuliko wazazi.

Turubai la chini lisitokeze nje ya hema; pembe zake zikunjwe ndani, kwa kuwa ukingo uliotokeza ni kibanda kidogo. Familia ikilala bila hema, barazani au kwenye banda la wazi, vitanda viwe vimeinuliwa na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Chandarua kilichokusudiwa mbu humzuia pia swila anayetambaa sakafuni.

Asubuhi ya kuondoka hutaka uangalifu kama usiku wenyewe. Joto la watu waliolala hupenya sakafu ya hema, na katika usiku wa baridi chini ya hema ndipo mahali penye joto kuliko pote uwanjani. Watu wawili washike upande mmoja, wasimame nyuma ya ukingo wanaouinua, waukunje taratibu kuelekea upande wa pili huku mtu wa tatu akitazama kutoka mbali. Watoto wawe wameshaingia garini. Kinachokutwa kikijikunja juu ya nyasi zilizofifia rangi kiachwe pale. Jua likipanda kitaondoka chenyewe.

Dawa za kufukuza

Hakuna sehemu ya somo hili iliyojaa imani nyingi na ushahidi mchache kama hii. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, kiberiti cha unga, chumvi, vitunguu saumu, tumbaku, kamba ya katani kuzunguka hema, kuchoma kipande cha tairi: kila kimoja kina watu wanaokiapia. Mantiki yao ni ile ile, kwamba usiku ulipita na nyoka hakuonekana. Usiku mwingi hupita hivyo hivyo bila dawa yoyote.

Kiberiti na naftalini, zile tembe nyeupe za kuweka kabatini kuzuia nondo, vimejaribiwa waziwazi nchini Marekani kwa kuwekewa nyoka njiani, na nyoka wamevivuka. Naftalini ina ubaya wa ziada: hufanana na peremende, na mtoto akiimeza huweza kuharibu chembe nyekundu za damu, hasa kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo ni ya kawaida katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi. Kuzungushia tembe hizo hema la watoto ni kuleta sumu ya uhakika kwa hofu ya sumu ya kubahatisha. Oili chafu nayo huua udongo na kuingia mtoni, na Mbagathi, unaopita kando ya Oloolua, una taabu za kutosha.

Vifaa vya betri vinavyotoa sauti nyembamba isiyosikika na binadamu haviwezi kumsumbua nyoka, kwa sababu yeye husikia sauti nzito za chini na mitetemo. Sauti hizo za juu hazimfikii. Mchaichai uliopandwa kuzunguka nyumba hukua ukawa kichaka kinene cha majani marefu, yaani kile kile kilichotakiwa kuondolewa.

Kinachofanya kazi kama kizuizi ni ukuta halisi. Mwenye kambi ya kudumu anaweza kuzungushia eneo la kulala wavu wa waya wenye matundu madogo, upana wa penseli au chini ya hapo, kimo cha mita moja, chini ukifukiwa sentimita kumi na tano na juu ukiinamia nje. Lango lake lisiwe na mwanya chini, na nyasi zisiachwe zikauegemea, maana nyoka hupanda kwa ngazi anayopewa. Ni gharama, na kwa hema la siku mbili haifai. Kwa shule au kanisa linaloleta watoto mahali pamoja kila likizo, inafaa.

Nyoka akionekana

Wote wasimame, kisha warudi nyuma polepole. Hatua nne au tano zinatosha kumtoa mtu nje ya uwezo wa kifutu. Kwa swila umbali uwe mara mbili ya hapo, macho yakiwa yamegeuziwa pembeni. Mtu mzima mmoja abaki akimtazama kutoka mbali ili asipotee, mwingine apige simu kwa wasimamizi wa kambi au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo makao yake makuu yako Barabara ya Lang'ata, kwenye lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.

Mawe na fimbo ndiyo mwanzo wa majeruhi wengi. Kifutu anayeonekana mzito na mvivu hurusha kichwa kwa kasi isiyofuatwa na jicho, na kichwa kilichokatwa bado huweza kuuma kwa muda. Watoto wafundishwe maneno matatu, na wayafanyie mazoezi jioni ya kwanza kwa kamba iliyotupwa nyasini: simama, rudi, ita.

Akiuma

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Mwaka 2017 liliweka madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Karen yenyewe ina nafasi katika juhudi hizo: kando ya msitu wa Oloolua, katika taasisi ya taifa ya utafiti wa nyani na jamaa zao, KIPRE, kuna kituo kinachofuga nyoka na kuchunguza sumu zao pamoja na dawa zake.

Dawa yenyewe haipatikani kila hospitali, na aina zote hazilingani. Hutengenezwa kwa damu ya farasi aliyezoeshwa sumu ya nyoka fulani, na ile iliyotengenezwa kwa nyoka wa Asia haimfai aliyeumwa na kifutu. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyotegemewa sana barani, mwaka 2014, na akiba ya mwisho ilifikia ukomo wa matumizi Juni 2016. Kwa hiyo swali la hospitali gani ina dawa ya nyoka wa Afrika huulizwa kwa simu kabla ya safari, na jibu huandikwa kwenye karatasi inayobandikwa garini. Gari liegeshwe likiwa limeelekea lango, kwa sababu Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata jioni hula muda wenyewe.

Aliyeumwa alazwe, atulizwe, kiungo kisichezeshwe. Kifungwe kwa gango kama kilichovunjika. Pete, bangili na viatu vivuliwe mapema kwa kuwa uvimbe unakuja. Saa ya kuumwa iandikwe, na mpaka wa uvimbe uchorwe kwa kalamu kila baada ya nusu saa, ili daktari aone kasi yake. Jeraha lisichanjwe wala kunyonywa. Mguu usikazwe kwa kamba: sumu ya kifutu huoza nyama, na kuizuia sehemu moja ni kuihukumu sehemu hiyo. Jiwe jeusi linalouzwa sokoni, ambalo kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, halinyonyi sumu, hunyonya wakati. Kwa maumivu parasetamoli yafaa. Aspirini hapana, kwa vile huzidisha kutoka damu. Nyoka hahitajiki hospitalini, akiwa mzima au amekufa. Picha ya simu iliyopigwa kutoka mbali yatosha, na ikikosekana daktari atatibu kwa dalili.

Sumu ya swila ikiingia machoni, macho yafunguliwe na kumiminiwa maji safi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20, kisha safari ya hospitali. Maziwa yatatumika kama maji hayapo. Kusugua huharibu zaidi.

Mtoto huhitaji haraka kuliko mtu mzima, kwa sababu kiasi kile kile cha sumu kimeingia katika mwili mdogo. Kwa sababu iyo hiyo dawa yake haipunguzwi kufuata uzito, kama zinavyopunguzwa dawa nyingine: mtoto wa kilo 15 hupewa chupa sawa na baba yake, kwa kuwa kinachopimwa hapo ni sumu ya nyoka.